Kijiko kimoja, lakini kipi?

Vuta droo ya vijiko utazame kilichomo. Kuna kirefu chembamba cha kukorogea, kidogo cha chai, cha kulia, cha supu chenye duara pana, na kikubwa cha kupakulia ambacho hakiingii mdomoni mwa mtu. Vyote vinaitwa vijiko, na anayeviita hivyo hakosei. Neno limeshika umbo na kazi: mpini upande mmoja, mbonyeo upande wa pili, kitu cha kuchotea. Ukubwa haumo. Ukisema "nipe kijiko" nitakupa chochote kati ya hivyo, nawe utakula, utakoroga au utapakua bila lalamiko.

Shida huanza neno hilohilo linapoandikwa kwenye chupa ya dawa. "Kijiko kimoja, kutwa mara tatu." Sentensi hiyo nimekutana nayo mara nyingi, kwa mwandiko wa mkono na kwa chapa ya mashine, na kila nikiiona hunitia wasiwasi. Inadai kipimo kutoka kwa neno ambalo halina kipimo ndani yake. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza kwa kirefu. Lakini nitapita kwanza kwenye kazi nyingine za kijiko, maana ndizo zinazoeleza kwa nini tunaliamini neno hili kiasi hiki. Kwingine kote linatutumikia vizuri.

Kwa sarufi, kijiko ni mwiko mdogo. Njia ni ileile iliyotoa kijito kutoka mto, kijiti kutoka mti na kijiji kutoka mji: ki- ya udogo ikikutana na shina fupi huomba -ji- ya kujishikiza. Mwiko nao una shughuli zake. Mpishi anao, mwashi anao wa kupigia lipu, na mtu akisema jambo fulani kwake ni mwiko, hapo hakuna mpini wala sufuria; amelikataa katakata. Hakuna anayechanganyikiwa. Sentensi yenyewe inatosha kukuambia ni mwiko upi.

Ndege domomwiko alipewa jina na mtu aliyetazama vizuri. Angeweza kuitwa domokijiko, lakini mtazame: ncha ya domo lake imepanuka na kulala bapa, haikubonyea kama kijiko. Hutembea kwenye maji ya kina kifupi akilipeleka domo lililo wazi kidogo kushoto na kulia, kulia na kushoto, na likigusa kisamaki hufunga papo hapo. Hategemei sana macho, anategemea mguso. Mwiko unaokoroga hufanya mwendo huohuo.

Kwenye ujenzi, kijiko kimekuwa mtambo. Kwanza kilikuwa lile bakuli kubwa la chuma lenye meno mwishoni mwa mkono wa mashine ya kuchimba, linalozamishwa ardhini na kuinuliwa likiwa limejaa udongo. Baadaye jina likapanda mkono mzima, likaingia hadi kwa dereva, na sasa fundi akisema "kijiko kimefika" hakuna anayetafuta kikombe cha chai. Ujazo wa kijiko hiki hutajwa kwa mita za ujazo, na anayekodi mtambo huuliza namba hiyo kabla ya kukubaliana. Naomba ukumbuke hilo: watu wa udongo na mawe, ambao lita chache zikizidi au kupungua haziwadhuru, hawakubali kuambiwa "kijiko" pekee.

Madaktari nao wanalo neno lao. Kucha ya kawaida huinuka katikati. Kucha ya kijiko, ambayo vitabu vya tiba huiita koilonikia, imebonyea katikati na kingo zake zimenyanyuka, kiasi kwamba ukidondoshea tone la maji linaweza kukaa pale bila kumwagika. Kwa mtu mzima, mojawapo ya sababu zake zinazojulikana zaidi ni upungufu wa madini ya chuma wa muda mrefu. Kwa watoto wachanga huweza kutokea bila ugonjwa wowote na kuondoka wanapokua. Sifurahii sana istilahi za tiba, lakini hii naiona nzuri. Ukiisikia mara moja tu, unaweza kuitambua kwenye mkono wa mtu aliyekaa mbele yako.

Kuna vijiko vya heshima na vya aibu. Kile cha kutawazia wafalme wa Uingereza, kilichohifadhiwa kwenye Mnara wa London, ni cha karne ya 12. Mwaka 1649, baada ya mfalme Charles I kuuawa, mapambo ya ufalme yaliyeyushwa au kuuzwa, na kijiko hiki kikanunuliwa na Clement Kynnersley, aliyekuwa mtumishi wa nyumba ya mfalme. Ufalme uliporudi, naye akakirudisha. Sehemu yake ya kuchotea imegawanywa na ukingo katikati, na ndimo yalimomiminwa mafuta ya kumpaka Charles III tarehe 6 Mei 2023. Upande wa aibu, Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa na desturi ya wanafunzi kumpa kijiko cha mbao yule aliyeshika mkia kati ya waliofaulu kwa heshima mtihani wa hisabati. Desturi ilikoma mwaka 1909, kwa kuwa kuanzia mwaka uliofuata majina yalipangwa kwa alfabeti ndani ya kila daraja na wa mwisho hakujulikana tena. Kijiko cha mbao hakikufa. Kilihamia kwenye raga, na hadi leo timu inayomaliza ya mwisho kwenye mashindano ya Mataifa Sita husemwa imekichukua, ingawa hakuna kijiko chochote kinachokabidhiwa.

Maana moja ya kijiko imenigusa kuliko hizo zote. Mwaka 2003, Mmarekani aitwaye Christine Miserandino, anayeishi na lupasi, ugonjwa wa kudumu ambapo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, alisimulia jinsi alivyomweleza rafiki yake hali yake wakiwa wamekaa mkahawani. Alikusanya vijiko kutoka kwenye meza za karibu, akamkabidhi rafiki yake 12, akamwambia hiyo ndiyo nguvu yako ya leo. Haya, amka. Kuoga, toa kimoja. Kuvaa, toa kingine. Kabla siku haijafika nusu, vijiko mkononi mwa rafiki vilikuwa vinapungua, na ikabidi achague kati ya kupika na kupumzika. Watu wengi wenye magonjwa ya kudumu waliipokea lugha hiyo kwa mikono miwili, na leo mtu anaweza kusema "vijiko vyangu vimekwisha" na mwenzake akaelewa kwamba huo si uvivu, na wala haombi ushauri.

Naipenda lugha hiyo kwa sababu inampa mgonjwa kitu cha kuhesabu mahali ambapo hakuna mashine ya kupimia. Daktari hana kifaa cha kusoma uchovu. Lakini tazama inavyofanya kazi: vijiko 12 mkononi ni vitu 12 tu. Havijazwi kitu. Hakuna anayeuliza kama ni vya chai au vya supu, kwa sababu kinachohesabiwa ni idadi. Kijiko kinaweza kuwa kipimo chema kabisa, mradi tu kisibebe kimiminika.

Sasa turudi kwenye chupa.

Kwa makubaliano ya kimataifa ya watu wa dawa, kijiko cha chai ni mililita 5 na kijiko kikubwa, kile ambacho wengine hukiita cha chakula na wengine cha mezani, ni mililita 15. Namba hizo ni safi na rahisi kukumbuka: vidogo vitatu hufanya kikubwa kimoja. Tatizo ni kwamba kiwanda cha vijiko hakikuhudhuria makubaliano hayo. Anayetengeneza kijiko cha kulia hufikiria mdomo, uzuri wa mpini, uzito mkononi na kiasi cha chuma kitakachotumika. Hana sababu yoyote ya kufikiria mililita.

Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walichapisha matokeo ya kazi rahisi ambayo natamani ingefanywa kila mahali. Walikusanya vijiko kutoka kwa wanawake 25 katika eneo la Attica, vidogo 71 na vikubwa 49, wakapima kila kimoja kinabeba kiasi gani. Vidogo vilibeba kuanzia mililita 2.5 hadi 7.3. Vikubwa vilianzia 6.7 na kuishia 13.4. Soma tena namba hizo polepole. Mzazi mmoja akitii maelekezo kwa uaminifu kabisa angeweza kutoa karibu mara tatu ya dawa anayotoa mwenzake aliyetii maelekezo yaleyale. Kati ya vijiko vikubwa vyote hakuna hata kimoja kilichofika mililita 15. Na kijiko kidogo cha nyumba moja kilibeba zaidi ya kijiko kikubwa cha nyumba nyingine.

Unaweza kujionea mwenyewe bila maabara. Nilichukua sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, nikavuta maji hadi kwenye mstari wa mwisho, nikaanza kuyasukuma taratibu ndani ya kijiko kidogo kilichowekwa juu ya meza. Maji yalipanda, yakafika ukingoni, na hapo yakafanya jambo ambalo hufanywa na vimiminika vyote: hayakumwagika mara moja. Yalivimba juu ya ukingo yakatengeneza kilima laini kinachotetemeka, yakaendelea kupokea matone, kisha ghafla yakaporomoka upande mmoja. Sirinji ilikuwa bado ina maji. Kijiko kingine kutoka droo ileile, kilichofanana nacho kwa macho, kilimeza mililita zote 5 na kubaki na nafasi. Na hapo mezani palikuwa tulivu. Weka mtoto anayelia, anayegeuza kichwa, na mkono wa mzazi aliyekesha, usiku, taa moja ikiwaka. Hakuna atakayekijaza kijiko hadi ukingoni. Kitajazwa kiasi kinachoweza kubebwa hadi mdomoni bila kumwagika, na kiasi hicho hubadilika kila safari.

Jambo linalonikera kuliko yote ni "nusu kijiko". Kijiko kimebonyea, kwa hiyo upana wake hupungua kadiri unavyoshuka chini. Ukikijaza hadi nusu ya kina chake, ndani hakuna nusu ya dawa. Kuna kama robo. Ni hesabu ya umbo, na umakini wa mtu hauwezi kuirekebisha. Jicho linaona nusu, mtoto anapata robo. Mfamasia akihitaji mililita 7.5 na akaandika "kijiko kimoja na nusu", ameandika kitu ambacho mkono wa binadamu hauwezi kukitekeleza kwa kijiko cha kulia.

Juu ya hayo kuna nguvu ya dawa yenyewe. Chukua parasetamoli ya maji. Huuzwa kwa nguvu zaidi ya moja, na mbili zinazokutwa sana ni miligramu 120 kwa kila mililita 5, na miligramu 250 kwa kila mililita 5. Chupa zinaweza kufanana kwa umbo, harufu ya matunda ikawa ileile, rangi ileile. Aliyezoea kutoa "kijiko kimoja" kutoka chupa ya kwanza, akinunua ya pili na kuendelea na kijiko kimoja, amezidisha dozi zaidi ya maradufu bila kubadilisha chochote mkononi mwake. Kwa hiyo kwenye lebo kuna namba mbili za kusoma kila mara, hata kama dawa unaijua kwa jina: miligramu ngapi, ndani ya mililita ngapi. Na lolote utakalosoma hapo, kiasi anachopaswa kupewa mtoto hutegemea uzito na umri wake, na jibu lake liko kwa mhudumu wa afya.

Kwamba neno lenyewe linachangia makosa si dhana yangu tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwafuatilia wazazi waliopewa dawa za maji kwa ajili ya watoto wao. Wazazi waliofikiri kwa vijiko, vidogo au vikubwa, walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kukosea kuliko waliotumia mililita peke yake. Sababu mojawapo inaeleweka kirahisi: ukimtajia mtu kijiko, hata ukimpa kifaa cha kupimia, neno linamrudisha kwenye droo. Mwaka uliofuata, 2015, Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa msimamo kwamba dawa za maji zinazomezwa ziandikwe na kupimwa kwa mililita tu, na vijiko viondolewe kwenye maelekezo.

Nakubaliana na msimamo huo moja kwa moja, na najua pingamizi lake. Wapo wanaosema mililita ni neno la shule, kijiko ni neno la watu, na mama asiyesoma utamchanganya. Naliheshimu wazo la kuzungumza na watu kwa lugha yao. Lakini mama asiyesoma anaweza kuonyeshwa mstari kwenye sirinji, mstari ukawekwa alama kwa kalamu ya wino mzito, akajaribu kuvuta maji mbele ya mhudumu mpaka yafike pale. Hakuna herufi inayohitajika. Anayehitaji kusoma na kukisia ni yule aliyeambiwa "kijiko", maana lazima akisie kijiko gani, kijae vipi, na nusu yake ni ipi. Urahisi wa neno ni wa anayeandika. Mzigo wake unabebwa na anayenywesha.

Hili la sirinji lina mambo yake madogo ambayo hayasemwi vya kutosha. Ondoa kile kifuniko kidogo cha ncha kabla ya kuvuta dawa na ukitupe mbali, kwa sababu kikisahaulika kinaweza kurukia kooni mwa mtoto. Ivute dawa polepole, igonge sirinji kidogo ili mapovu yapande, yasukume yatoke, kisha urekebishe hadi kwenye mstari. Elekeza ncha upande wa ndani wa shavu, usielekeze kooni, na sukuma kidogo kidogo ameze. Ukitumia kikombe kidogo cha plastiki kilichokuja na chupa, kiweke mahali palipo sawa na uinamishe macho yako hadi usawa wa mstari. Ukikinyanyua na kukitazama kutoka juu utasoma vibaya. Na kwa anayeandika maelekezo: andika 0.5, usiandike .5, maana nukta ikififia inabaki 5. Kwa sababu hiyohiyo andika 5, usiandike 5.0, isije ikasomwa 50. Ni nukta tu, lakini inaweza kuzidisha dozi mara kumi.

Kwenye mapishi sina ugomvi na kijiko. Hata huko, wenye vitabu hawajakubaliana: kijiko kikubwa cha kupimia cha Australia ni mililita 20, wakati kwingine kwingi ni 15, na mtu anayefuata maelekezo ya huko kwa vijiko vya kwingine huenda akashangaa kwa nini kitu chake hakikuumuka. Lakini mpishi huonja na kurekebisha, na kosa lake huishia mezani.

Kuna mahali jikoni na tiba zimekutana kwenye kijiko kimoja, na hapo sithubutu kupita haraka. Ni maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha.

Msingi wake ni ugunduzi mzuri sana. Mwaka 1960, huko Prague, mwanabiokemia Robert Crane alieleza kwamba ukuta wa utumbo huvuta sukari ya glukosi pamoja na sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, viwili vikishikana kupita mlango mmoja, na maji huvifuata. Maana yake ni kwamba hata utumbo unaomwaga maji kwa kuhara bado unaweza kuyapokea, ukipewa chumvi na sukari kwa uwiano unaofaa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta na wakimbizi wenye kipindupindu huko Bongaon, India, na chupa za dripu za kutundika zikiisha. Akawapa mchanganyiko wa kunywa, na vifo vikapungua sana. Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet liliandika kwamba huenda haya ndiyo maendeleo muhimu kuliko yote ya tiba katika karne ile.

Neno kubwa hapo ni uwiano. Pale ambapo pakiti za dawa hii hazipatikani, maelekezo ya nyumbani yanayofahamika ni haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa ukingo. Sasa mchukue mtu aliyesikia tu "sita za sukari na nusu ya chumvi". Akitumia kijiko kikubwa, chumvi inakuwa mara tatu, na sukari mara tatu. Chumvi ikizidi namna hiyo hupandisha sodiamu kwenye damu ya mtoto ambaye tayari amekaukiwa, na hilo linaweza kumletea degedege. Sukari ikizidi huvuta maji kurudi ndani ya utumbo, na kuhara kunaongezeka. Na bado hatujazungumzia kijiko kilichorundikwa. Kimiminika kikizidi humwagika, lakini chumvi na sukari hukaa juu ya ukingo kwa utulivu, na kijiko kimoja kikawa karibu viwili bila mtu kuona ubaya. Pitisha mgongo wa kisu juu ya ukingo uone kinachoanguka.

Waliolifanyia kazi jambo hili kwa dhati walilijua tatizo la kijiko, na majibu yao yananivutia. Uingereza, shirika la TALC lililoanzishwa na daktari David Morley lilisambaza kijiko cha plastiki chenye ncha mbili, kubwa ya sukari na ndogo ya chumvi, ili kisiwepo cha kukisia. Bangladesh, shirika la BRAC lilikiacha kijiko kabisa. Kuanzia mwaka 1980 wafanyakazi wake walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha akina mama kupima kwa mkono: chumvi inayoshikwa kwa ncha za vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, ndani ya nusu lita hivi ya maji. Kila mama alifundishwa mambo 10 ya kukumbuka, na baadaye mtu mwingine alirudi kumuuliza. Mwalimu alilipwa kulingana na mama alichokumbuka. Sampuli za maji waliyochanganya zilipelekwa kupimwa sodiamu. Kwa muda wa miaka 10 walifikia kaya zaidi ya milioni 12.

Mkono nao hutofautiana na mkono, utaniambia, na ni kweli. Lakini mama yule aliuchanganya mbele ya mwalimu, kwa mkono atakaoutumia siku ya ugonjwa, na maji yake yakapimwa. Hakupewa neno akaachwa nalo. Ndiyo maana nauona mpango ule kuwa wa heshima kuliko lebo nyingi ninazozisoma leo.

Siku hizi njia iliyo bora ni pakiti. Fomula ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza tangu 2002 ina gramu 20.5 za unga kwa lita 1 ya maji: glukosi gramu 13.5, chumvi gramu 2.6, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Kiwanda kimepima, kijiko kimebaki cha kukorogea tu. Kilichobaki kwa mzazi ni maji, na hapo ndipo ninapomwomba kila anayetoa pakiti asimalizie na "weka kwenye chupa ya maji". Chupa za nusu lita ziko kila mahali, na pakiti ya lita nzima ikimiminwa kwenye chupa moja ya nusu lita, chumvi inakuwa maradufu. Zipo pia pakiti ndogo, zilizotengenezwa kwa maji pungufu ya lita. Soma mililita zilizoandikwa kwenye pakiti, tafuta namba hiyohiyo kwenye chupa, jaza chupa mara zinazohitajika ukimimina kwenye chombo kimoja kikubwa kilicho safi, kisha ndipo umimine unga. Kilichochanganywa kifunikwe, na kisiponywewa ndani ya saa 24 kimwagwe, kichanganywe kingine.